Mtu wa Ukingoni

Tarehe 2 Machi

Leo natimiza miezi saba tangu niondoke nyumbani, na niliaga nikisema ni mitatu. Nimenunua daftari hili kwa sababu mvua zimeanza. Siku za mvua tunakaa chini ya turubai bila kazi, na mtu akikaa bure mawazo humla. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo atakayesoma humu asitafute ufundi wa kalamu. Mimi ni mchimba mitaro.

Mtaro wetu ni wa mabomba ya maji machafu. Unapita nyuma ya nyumba za watu, kando ya ukuta wa ghala, mpaka bondeni. Mtu akisimama chini na kunyoosha mkono, hafiki juu. Tuko sita, lakini nitaandika zaidi habari za wawili. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, niliyekuja naye. Siku ya kuondoka mke wangu alinishika mkono mbele ya mama yake akasema, "Umemchukua mzima, umrudishe mzima."  Mama mkwe alinitazama tu, na hilo lilikuwa zito zaidi. Wa pili ni Kipara, fundi bomba, mtu mzima mwenye mdomo mkali. Sisi tunachimba, yeye analaza mabomba.

Kazi hii ina sheria moja kubwa kuliko zote. Watu wakiwa chini, mmoja husimama ukingoni. Hachimbi, anatazama udongo. Udongo usipomridhisha anasema "Juu," na walio chini huacha walichoshika na kupanda ngazi. Hakuna kuuliza kwa nini mpaka wote wamefika juu. Msimamizi amenipa mimi nafasi hiyo kwa kuwa mgongo wangu umechoka. Wenzangu wanasema nimepandishwa cheo.

Tarehe 5 Machi

Mvua. Hatukufanya kazi.

Tarehe 6 Machi

Mvua tena. Simu ilisema jua, nikaacha koti chumbani.

Tarehe 9 Machi

Niliamka mwepesi kabisa, kama nilivyokuwa kijana. Nikatazama simu, maana kuna kitu humo kinachopima usingizi. Kikasema nimelala vibaya. Nilipofika kazini nilikuwa hoi, napiga miayo mpaka taya linauma.

"Kwani jana ulilala wewe au ililala simu?" Shemeji aliuliza.

Walicheka. Na mimi nilicheka, lakini miayo haikukoma.

Sikatai kwamba naitegemea. Nilipofika mji huu sikujua hata kona moja, simu ikanishika mkono kama kipofu anavyoshikwa, na nilipoanza kuona sikuuachia ule mkono. Ndani yake kuna msaidizi. Unamwuliza kwa maandishi au unampelekea picha, naye anajibu kwa adabu, papo hapo. Nimemwuliza dawa ya mgongo, nimemwuliza kama viatu vinanibana au miguu imevimba. Hajawahi hata siku moja kuniambia, "Sijui, kaka." Na mtu wa darasa la sita akikutana na anayejua kila kitu, hunyamaza.

Tarehe 14 Machi

Mke wangu ameandika. Binti yetu wa kwanza anataka kuacha shule akajifunze kushona kwa shangazi yake. "Wewe baba yake unasemaje?"

Nilikaa na swali hilo tangu asubuhi. Jioni nikampa msaidizi. Akaandika ujumbe mzuri sana, una "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine", nikautuma kama ulivyo.

Tarehe 15 Machi

Jibu la mke wangu: "Nimesoma yote. Sasa niambie wewe."

Nikaufunga ule ujumbe, nikalala.

Tarehe 21 Machi

Tumehamia upande wa pili wa ghala. Msimamizi alitutumia alama ya mahali kwenye simu. Simu ilinizungusha sokoni, ikanipitisha kwenye uwanja wa shule, ikasema nimefika. Mbele yangu kulikuwa na ukuta. Nilipofika kazini kweli, wenzangu walikuwa wameshachimba sehemu ya kutosha.

"Wewe ulipitia wapi?" nilimwuliza Kipara, asiye na simu ya maana.

"Niliufuata mtaro," alisema.

Tarehe 28 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Udongo umekuwa kama uji. Mbao za kuzuia kuta hazitoshi. Tunazing'oa nyuma kuzipeleka mbele, na kipande cha katikati hubaki wazi kwa muda. Kipara amemlalamikia msimamizi. Msimamizi naye amesema ameomba nyingine na hajajibiwa. Nadhani hakudanganya, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyeomba.

Tarehe 3 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika lilivyokuwa.

Jana haikunyesha. Asubuhi simu ilionyesha jua siku nzima, na kweli jua lilikuwepo. Tukashuka kumaliza kipande kilichobaki. Kipara alikuwa pale katikati pasipo na mbao, anaunganisha bomba. Shemeji alikuwa mbele yake kidogo, ndani ya mbao, anajaza ndoo. Mimi nilikuwa ukingoni.

Nikaona ufa. Haukuwa mkubwa, ungeingiza ukucha tu, lakini ulikwenda sambamba na ukingo, mrefu kama mtu aliyelala. Chini yake punje za udongo zilikuwa zinadondoka ukutani, chache chache, kama mtu anayechambua mchele.  Neno likapanda mpaka kooni. Naapa lilifika.

Kisha nikajiuliza, mimi ni nani? Nikisema Juu na kusiwe na kitu, nitaficha wapi uso? Nikatoa simu. Nikapiga picha ya ufa, nikaandika, "Huu ufa ni hatari?" Mtandao pale ni dhaifu. Vidoti vitatu vikaanza kucheza kwenye kioo. Nikavitazama. Ufa ulikuwa mbele ya miguu yangu, na watu walikuwa chini ya ufa, na mimi natazama vidoti.

Nilidhani ukuta wa udongo ukianguka hupiga kishindo. Hakuna kishindo. Ulitoa sauti kama gunia likituliwa sakafuni. Nilipoinua macho, ukuta haukuwepo na Kipara hakuwepo.

Sikumbuki kushuka. Nakumbuka Shemeji akisema, "Mikono, tumieni mikono, beleshi litamkata," na sauti yake ilikuwa tulivu, si sauti ninayoijua. Tulifukua kama mbwa. Kwanza tukapata kofia yake ngumu, tupu, na mmoja wetu akaanza kulia. Kisha tukapata sikio. Kisha uso. Shemeji alimtoa udongo mdomoni kwa kidole, Kipara akavuta pumzi kwa sauti ambayo nitaisikia mpaka nife. Alikuwa hai. Chini ya kifua alikuwa amebanwa, na ilichukua muda mrefu mpaka wakaja watu wa kumtoa wakampeleka hospitali. Amevunjika nyonga na mbavu.

Tulipokuwa tunafukua, simu ilitetemeka mfukoni mwangu. Nimeisoma sasa hivi. Imeandika: "Kwa jinsi picha inavyoonekana, huu ni ufa wa kawaida wa udongo unaokauka. Hakuna dalili ya hatari ya haraka. Je, ungependa kujua zaidi kuhusu aina za udongo?"

Tarehe 4 Aprili

Nimeisoma tena na tena. Ina alama ya kuuliza mwishoni. Inasubiri nijibu.

Tarehe 6 Aprili

Tulikwenda kumwona. Wodi ina vitanda viwili viwili mpaka dirishani, na yeye yuko karibu na sinki linalovuja. Aliliangalia lile sinki kwa chuki. "Nimelala hapa namsikiliza adui yangu," alisema. Shemeji akacheka kupita kiasi.

Wenzangu walipotoka kutafuta kiti, Kipara aliniita kwa kidole nisogee.

"Nilikuwa nakutazama," alisema. "Ukiwa chini huoni udongo wa juu yako. Unachoona ni uso wa mtu wa ukingoni. Huo ndio tunaousoma."

Nikasema, "Mzee, naomba unisamehe."

"Ngoja nimalize. Uliona. Nilikuona unaona. Macho yako yalitoka, na mimi nikaweka mkono kwenye ngazi. Halafu ukainamia simu. Nikasema moyoni, ah, anachezea simu, basi hakuna jambo. Nikarudi kwenye bomba langu."

Nilisimama pale kama nimepigwa na rungu. Siku zote hizi nilikuwa nafikiri nimechelewa tu. Kumbe mkono wake ulikuwa kwenye ngazi.

Shemeji alirudi na kiti. Sikukaa.

Tarehe 8 Aprili

Mbao zimekuja, nyingi. Msimamizi alizipokea mwenyewe, akazihesabu kwa mguu, hakumtazama mtu.

Kisha akauliza nani atasimama ukingoni. Nilichukua sururu nishuke.

"Huyu arudi alipokuwa," Shemeji alisema.

"Huyu?" mmoja aliuliza. "Si ndiye aliyetuzikia mzee wa watu?"

"Ndiye. Wewe ukisimama pale utaangalia wasichana wa ghalani. Huyu hata nzi akitua kwenye udongo atamwona."

"Na simu?"

Hapo wote wakanigeukia. Nikaitoa, nikaiweka ndani ya koti, nikalitundika koti kwenye nguzo ya turubai. Msimamizi akasema, "Haya, chini." Basi, hakuna hotuba. Nilitamani wangenitukana.

Ukingoni mikono yangu haikujua pa kukaa.

Tarehe 10 Aprili

Nimeshinda natazama udongo. Nikifumba macho nauona.

Tarehe 13 Aprili

Leo nimesema Juu.

Niliona unyevu mahali ambapo asubuhi palikuwa pakavu. Neno lilitoka lenyewe. Walipanda kama panya, wakasimama wanahema, tukatazama. Tukatazama sana. Ukuta haukufanya kitu. Msimamizi akashuka mwenyewe, akagusa, akapanda akiwa na tope vidoleni. "Ni ndoo ilimwagika," alisema. Kweli, kulikuwa na ndoo.

"Asante shemeji," Shemeji alisema mbele ya wote. "Ulitupandisha tuje tuone mawingu. Ni mazuri."

Mchana mzima kila ndoo ikipita waliniuliza kama wapande. Jioni nilipovaa koti, mkono uliingia mfukoni wenyewe ukashika simu, kama mtoto anavyoshika nguo ya mama. Nilitembea mpaka chumbani nimeishika, sikuiwasha.

Tarehe 16 Aprili

Nilikwenda hospitali peke yangu, nikamweleza Kipara habari ya ndoo. Alicheka, mbavu zikamuuma, akanilaani.

"Walipanda wote?" aliuliza.

"Wote."

"Basi kazi yako uliifanya. Habari ya ndoo ni ya msimamizi."

Nilipotoka nilikaa kwenye benchi nje ya lango, nikampigia mke wangu. Sikuandika, nilipiga. Nilimwambia yote, mpaka vidoti. 

"Mdogo wangu alikuwa wapi?"

"Hatua chache kutoka pale."

 Nilijua anahesabu zile hatua. Nilitaka aseme jambo lolote, hata baya.

"Nami lile la mtoto nilikuuliza wewe," alisema mwishowe, "ukaniletea risala."

"Najua."

"Sasa unasemaje?"

Nikasema kilichokuwepo. "Sijui kama ana kipaji cha kushona. Sijamwona uso miezi minane. Mwambie amalize muhula huu, nikija nitakaa naye nimsikilize mwenyewe. Nikiona moyo wake uko kwenye cherehani, simzuii."

"Haya," alisema. "Huyo sasa ni wewe."

 Hakukata simu upesi.

Tarehe 22 Aprili

Mvua. Tumecheza karata. Shemeji anaiba.

Tarehe 29 Aprili

Naandika kabla sijavua hata viatu.

Tumefika karibu na ukuta wa ghala, kipande cha mwisho kabla ya bonde. Tulikuwa tumefungua sehemu mpya, na mbao zilikuwa pale juu zinasubiri kuteremshwa. Mvua kubwa ilinyesha jana, leo ni jua. Ufa hakuna. Punje hazidondoki. Ukuta umenyooka kama umepigwa plasta.

Ukingoni kulikuwa na madimbwi mawili, moja karibu na ghala, moja karibu na ngazi. Asubuhi yote mawili yalikuwa yamejaa, niliona ndege anaoga katika hili la ngazi. Kabla ya chakula nilitazama tena. La ghalani limejaa vilevile. La ngazini halipo. Tope tupu, linang'aa.

Nikajiambia ni jua. Kisha nikajiambia, jua ni moja. Kama halikunywa lile, hili limenywewa na nani?

Mkono ulitafuta mfuko, na mfuko ulikuwa mtupu, koti liko kwenye turubai. Shemeji alikuwa chini, ananitazama usoni.

"Juu," nikasema.

Walipanda. Shemeji alikuwa wa mwisho, kiatu chake cha mpira kilinaswa kwenye tope, akakiacha, akaja na soksi. Msimamizi akafika.

"Nini tena?"

"Dimbwi limekwenda chini ya udongo."

Alilitazama. "Limekauka, bwana. Jua linawaka."

"Na lile?"

Akageuka kulitazama la pili.  Alikuna kidevu, akautazama ukuta ulionyooka, na mimi nilimwelewa, maana hata mimi nilipoutazama nilijiona mjinga.

"Tusubiri kidogo, kisha tuteremshe mbao," alisema. "Kuleni kwanza."

"Nachukua kiatu changu," Shemeji alisema, akashika ngazi.

"Hushuki."

"Kiko pale, shemeji. Nakiona."

"Nami nakiona. Hushuki."

"Dakika moja tu."

Nikaivuta ngazi. Ilikuwa nzito, imeshika tope, nikaivuta yote juu na kuilaza chini, kisha nikaikalia. Wenzangu waliacha kutafuna. Shemeji alisimama mbele yangu na soksi yake chafu, uso umebadilika.

"Siku ile uliogopa kusema," alisema polepole. "Leo unaogopa kunyamaza. Lini utakuwa mwanamume ukajua?"

Lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Sikujua. Nilitaka kumwambia kwamba najua, lakini ningesema uongo. Nikasema, "Sijui. Ila hushuki."

Alitema mate, akaenda kukaa na wengine, amenipa mgongo. Nilibaki juu ya ngazi peke yangu. Jua likapanda. Ukuta ukasimama. Niliomba niwe nimekosea. Niliomba waje wanicheke tena, mpaka mvua ziishe, mpaka tufike nyumbani wanihadithie kwa mke wangu.

Walikuwa wanakusanya vyombo nilipoisikia ile sauti ya gunia.

Upande wote wa ngazi uliporomoka, kutoka kwenye dimbwi mpaka karibu na miguu yangu. Vumbi hakuna, udongo ulikuwa umelowa. Mtaro haukuwa mtaro tena. Mahali pa kiatu palikuwa na kilima.

 Msimamizi aliishika kofia yake kwa mikono miwili kama inataka kupeperuka. Mimi nilikwenda nyuma ya mbao nikatapika. Niliporudi, Shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi, pale pale nilipokuwa nimekaa, anatazama soksi yake. Nikakaa kando yake. Ngazi yote ikawa inagongagonga chini yetu.

"Kilikuwa kipya," alisema.

Tarehe 30 Aprili

Nilimhadithia Kipara. Hakucheka. Aliuliza, "Dimbwi?" Nikasema dimbwi. Akalitazama sinki lake muda mrefu. "Mimi nisingeliona," alisema.

Na mimi siwezi kuahidi kwamba nitaliona siku nyingine. Hilo ndilo linalonitisha sasa, zaidi ya mtaro.

Tarehe 7 Mei

Simu inarudi mfukoni kwangu jioni. Sijaigombeza. Haikunidanganya siku ile, iliulizwa habari ya picha ikajibu picha. Aliyekuwa amesimama juu ya ufa ni mimi. Kile cha kupima usingizi nimekifuta. Leo nimeamka nimechoka, na nilijua mwenyewe.

Tarehe 15 Mei

Mvua zimepungua. Kipara ametoka hospitali kwa magongo. Alikuja kututembelea, akakaa chini ya turubai akikosoa mabomba ya aliyechukua nafasi yake. Akaniambia, "Simama kidogo kushoto, uso wako siuoni." Nikasogea.

Tarehe 24 Mei

Mtaro umefika bondeni. Umefukiwa, na ukipita leo hutajua kwamba chini kuna kitu. Kiatu cha Shemeji kimebaki humo. Hakutaka kununua kingine, anasema atakwenda na hicho kimoja akamwonyeshe mama yake.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia mkataba umekwisha, na kwamba tutaondoka wiki ijayo, tutafika Jumamosi jioni kabla hajafunga mlango wa nje. Akauliza kama safari hii ni kweli, au ni kama ile miezi mitatu.

"Ni kweli."

"Na mdogo wangu?"

"Anakuja na kiatu kimoja," nilimwambia. "Lakini na miguu yake yote miwili."